Gololi

Maneno saba kwa siku, alisema Nuswaiba,
mwanangu wa kidato cha pili,
si mengi, mama, ni kama kubadilisha spoki.
Akayaandika kwenye boksi la tyubu
kwa kalamu ya wino mzito,
akalitundika juu ya pampu,
hapa barabara ya kumi na mbili, Ngamiani,
ambapo tangu marehemu baba afungue kibanda
kila baiskeli inayolia huletwa inyamazishwe.

Siku ya kwanza nilicheka.
Breki. Cheni. Pedeli. Hendeli. Rimu.
Kumbe hawa nimekula nao miaka ishirini!
Walifika kwetu pekupeku,
tukawavisha irabu mwishoni, kila mmoja ndara zake,
wakakaa, wakawa watu wa Ngamiani.
Leo naambiwa niwavue.
Nasema breki, nakata mwisho,
irabu inachomoka yenyewe
kama mtoto aliyefungiwa ndani
akasikia kengele ya muuza ashkrimu.

Ipo sauti moja ya ulimi kati ya meno.
Hapo nilimshinda hata mwalimu wake Nuswaiba,
mtu wa bara, anayehesabu ishirini na tisa, selasini.
Mimi thelathini nimeinyonya.
Thumni, theluji nisiyoiona, dhahabu nisiyoivaa:
bibi yangu wa Chumbageni alinifunza zote bila ada.

Lakini neno kulijua si kulisema.
Usiku yapo yote, yamepanga foleni kichwani;
asubuhi nalitaka moja tu,
limekwenda sokoni Mgandini.
Wanasema ulimi hauna mfupa.
Wangu ulikuwa gurudumu lililopinda:
unazunguka vizuri, vizuri, halafu krr,
unagusa fremu palepale,
kwenye wakati uliopita.

Na gurudumu hulinyooshi kwa nyundo.
Unalizungusha taratibu, unasikiliza linapogusa,
unakaza spoki moja, robo mzunguko,
unazungusha tena.
Basi nikawa nasema peke yangu huku napiga viraka.
Mzee Semkiwa aliniachia baiskeli yake
akaondoka kinyumenyume,
akawaambia watu nimepandwa na jini wa Kizungu.

Miaka yote aliyetusemea kwa muuza vipuri wa India
alikuwa Kilua, wa duka la pembeni,
na kila sentensi yake ilikuwa na bei.
Jana nilipiga simu mwenyewe.
Salamu zikapita.
Spoki, dazeni arobaini, zikapita.
Tairi, namba ishirini na nane:
nikameza irabu, likapita.
Halafu nikavifikia vile vichuma vya mviringo
vinavyolala ndani ya habu, kwenye grisi,
na jina lake halipo.
Boksini halipo. Nuswaiba yuko shule.
Dakika zinakula salio.
Mimi napumua, yule naye anapumua.
Likanitoka: gololi.

Kimya.
Kisha mtu yule, ng'ambo ya maji yote yale,
akasema, goli?
Goli! Akacheka kama mtu
aliyemwona nduguye kwenye harusi ya watu baki.
Goli, nikasema. Gololi, akasema.
Ameniwekea pakiti ishirini.

Nuswaiba aliporudi nikamsimulia. Hakucheka.
Hicho si Kiingereza, mama.
Akashika kalamu, akaliandika lile lenyewe,
refu, maneno mawili yaliyofungwa kamba moja.

Nimelisema mara thelathini tangu magharibi.
La kwanza limekubali kuvua ndara.
La pili bado lipo mlangoni, linapiga hodi,
na irabu yake mkononi.