Safu ya Tatu

Kabale, ukungu bado haujauachia mji.
Mimi mhazini nimevaa makoti mawili,
nimejibanza chumba cha nyuma kwa Waanglikana;
kamati yetu haina nyumba, hukaa kwa zamu,
mwezi ujao kwa Wabatisti,
halafu kwa Wapentekoste, viti vya plastiki,
chai tamu kuliko zote.

Makanisa matatu, mfuko mmoja.
Mwaka mzima tuligombea ufunguo,
mwisho tukanunua kufuli tatu.

Ninahesabu.
Mbuzi wa Bitarabeho, alinadiwa mara tano:
kila aliyemnunua alimrudisha anadiwe tena,
hata mbuzi mwenyewe akachoka kupigiwa vigelegele.
Shilingi laki nne na elfu sabini.
Viazi, magunia kumi na moja.
Mayai, trei tisa, kasoro yaliyovunjika njiani kutoka Muko.
Mjane Kobusingye, noti ya elfu moja
iliyoraruka ikashonwa kwa uzi mweusi.
Mheshimiwa fulani, milioni mbili, ahadi.
Ahadi naziandika kwa penseli.

Vyote hivi ni vya Orishaba,
daktari wa ng'ombe, miaka ishirini na tisa,
anayekwenda Mongolia kutibu mifugo ya watu
na kumtaja Yesu atakapoulizwa.
“Kuna baridi,” tulimwambia.
Akacheka: “Mimi nimezaliwa wapi?”

Mwalimu wake, Bibi Dalisay, ametoka Luzoni.
Mwezi wa kwanza aliwanyang'anya wanafunzi mahubiri yote,
akawapeleka soko la mjini kubeba mizigo ya wengine
bila kusema neno.
“Mgeni mwenye maneno mengi,” alisema,
“hasikii hodi yake ikiitikiwa.”
Orishaba alibeba kabichi wiki tatu.
Usiku alirudia salamu za kule,
ulimi ukimteleza kama mguu kwenye tope la Bunyonyi.

Jumapili moja Turyahikayo alisimama katikati ya matangazo:
“Shule yetu imeezuliwa paa na upepo,
nanyi mwapeleka viazi vyetu Asia?”
Askofu alikohoa. Mchungaji akafungua Biblia, akaifunga.
Sikuwa na jibu, na leo sina.
Swali lake nililiandika kwenye kumbukumbu
kwa wino.

Tiketi ikapanda bei.
Nilijumlisha, nikajumlisha tena kuanzia chini,
maana tarakimu huogopa ukizijia kwa nyuma;
hazikuogopa.
Pengo lilikaa palepale, limekunja nne.

Ndipo ikaja bahasha kutoka kwa akina mama wa Luzoni,
kijiji cha Bibi Dalisay, mashamba ya ngazi kama yetu.
Kila wapikapo, waliandika, kabla maji hayajachemka,
hutwaa kiganja kimoja cha mchele, wakakirudisha koponi.
Jumamosi huuza. Miezi tisa sasa.
“Hatumjui huyo binti, lakini tunajua njaa ya safari.
Na sisi tukimtuma wetu kwenu, mtampokea?”

Dola mia tatu na kumi na mbili.

Nilishika kalamu, nikakwama.
Daftari langu lina safu mbili tangu siku ya kwanza:
Wanaotuma, kushoto. Wanaotumiwa, kulia.
Asia yote nilikuwa nimeipanga kulia,
imenyoosha mkono, inangoja mbuzi wa Bitarabeho.
Nikachukua rula.
Nikapiga mstari wa tatu, ukapinda kidogo pale mkono ulipotetemeka.
Juu yake sijaandika jina.

Jioni nyumbani, maji ya ugali yakitokota,
nilitia unga wa mtama, kisha nikasita,
nikachota kiganja kimoja kutoka kwenye mfuko,
nikakimimina katika kopo tupu la majani ya chai.
Mume wangu aliona.
“Kuna mgeni?”
“Yuko.”
“Nani?”
“Bado hawajamchagua.”
Akatazama sufuria, akanitazama mimi,
akaenda kutafuta kifuniko cha kopo.