Doa Darini

Doa lilianza Novemba, dogo kama sarafu,
juu ya kitanda, upande ule
aliokuwa akilala Halina.
Kufika Krismasi lilikuwa sinia,
kingo zake rangi ya chai.

Nimeendesha tramu miaka thelathini na mmoja
katika mji huu wa Łódź, kati ya viwanda vya nguo vilivyonyamaza.
Kungoja taa nimezoea.
Kudondokewa usingizini, hapana.
Nikapanda ghorofa ya nne, nikagonga kwa ngumi.

Akafungua Bi Nhàn, fundi cherehani,
pini tatu mdomoni, futi shingoni,
na nyuma yake, salaale,
msitu ndani ya pipa la kabichi.

Pipa la bluu, la kuchachushia,
kitako kimetobolewa kwa msumari wa moto,
changarawe chini, udongo mweusi juu,
na mianzi kumi na saba imebanana dirishani,
vichwa vimeinamia dari
kama abiria warefu saa ya kutoka kazini.

Nilikuja na ghadhabu yangu mkononi kama risiti.
Akanijibu kwa Kipolandi chake kisicho na vitenzi:
“Nje baridi. Ndani joto, kavu. Huyu kiu.”
Akaminya chupa, fyu, fyu,
juu ya majani yaliyojikunja kama sigara.
Sahani ya chini ilikuwa na ufa. Aliujua.
Alidhani sakafu inakunywa.

Nilikaa kwa chai moja. Zikawa nne.
Nikaambiwa: yale mashina ya bahati
yanayouzwa kwenye glasi karibu na keshia
si mianzi, jina la kuazima tu,
na hapo akakunja pua kama aliyenusa samaki.
Nikaambiwa utitiri hupenda hewa ya vyuma vya joto,
geuza jani, utazame mgongo wake.
Nikaambiwa mwanzi haunenepi:
huchomoza udongoni na unene wake wote,
unene utakaokufa nao,
kilichobaki ni kurefuka.
Nilitazama viganja vyangu.
Nilikuwa na swali, nikaona haya.

Usiku mmoja wa Machi, mlio: pwaa!
Nikadhani bomba. Nikapanda na pajama.
Pipa lilikuwa limepasuka toka mdomo hadi kitako,
na ndani hapakuwa na udongo tena,
mizizi mitupu, imezunguka, imezunguka,
tramu isiyo na kituo cha mwisho.

Tukailaza juu ya karatasi zake za kukatia mitindo,
kola za watu, mikono ya makoti ya watu.
Mimi nikashika, yeye akapiga msumeno.
Jasho likamtoka puani. Alicheka
niliposema “pole” kwa mmea.
Nusu yake. Nusu, akanisukumia.

Nilikuwa na sufuria moja tu ya kutosha,
ile ya Halina ya kuchemshia mashuka.
Nikachukua drili,
nikasimama nayo muda mrefu,
nikatoboa.

Wiki ya kwanza majani yakapukutika, sakafu pe!
Bi Nhàn akashuka bila kuitwa,
akazamisha kidole hadi pingili ya pili,
yake, si ya mwanzi,
akakichomoa kimelowa. “Wewe muuaji,” akasema.
“Maji, ndiyo. Bahari, hapana.”
Tukasukuma kitanda ukutani, dirisha likabaki la mwanzi.
Sasa nalala mbali na lile doa.
Rangi nyeupe nimenunua, kopo sijalifungua.

Mei, chipukizi. Lina manyoya, lina ncha,
pua ya mbwa mdogo anayenusa chumba.
Naamka saa nane za usiku kulipima
kwa futi niliyosahau kumrudishia.
Sentimita mbili tangu chakula cha jioni.
Namtajia Halina namba, kwa sauti, kama zamani
nilipomsomea matokeo ya mpira.

Leo asubuhi, mlango. Ngumi.
Bi Wiesława wa ghorofa ya pili,
rola kichwani, uso mwekundu,
kidole kinaelekeza juu, kwenye dari yake,
yaani chini, kwenye sakafu yangu.
Mimi na chupa ya maji mkononi.

“Ingia,” nikamwambia. “Vua viatu.”