Omu Arobaini

Saa nane usiku, kiwandani Igogo,
chumba kipya cha baridi kimekuwa kiziwi.
Kiko juu kule, nyuma ya majabali,
mita mia tatu na ushei kutoka mashine za zamani,
na ndani yake tani kumi na moja za minofu ya sangara
zimeanza kulegea pembeni.
Meneja amekuja na kandambili, shati kaligeuza.
"Nyanzobe, waya si mpya? Si ulivuta mwenyewe?"

Ni mpya. Nyaya mbili, zimesokotana tangu kiwandani zilikotoka.
Mimi naziita Kulwa na Doto.
Kulwa akipanda, Doto hushuka,
na neno halimo kwa Kulwa, halimo kwa Doto,
limo katika nafasi iliyo kati yao.
Mota zikipiga kelele, zinawatikisa wote wawili;
nafasi inabaki ileile.

Nachomeka adapta, kubwa kama kipande cha sabuni ya mche:
huku laini, huku kompyuta yangu yenye kioo kilichopasuka.
Katikati yake waya umekatika makusudi.
Neno linauruka ufa huo likiwa mwanga,
ili radi ikipiga bati la kiwanda
isinifuate mpaka mapajani.

Nasikiliza.
Siku nyingine hili ni baraza lenye adabu:
pampu, kompresa, milango, vipimajoto,
wote kwenye laini moja, hakuna mwenyekiti.
Wawili wakianza pamoja, mwenye namba ndogo anaendelea;
mwenye kubwa anajua amepitwa, ananyamaza, anangoja,
na neno la mwenziwe halipati hata mkwaruzo.
Anayekosea mno hujifunga mdomo mwenyewe.
(Nimekaa vikao vya ukoo, Magu. Hilo sijaliona.)

Usiku huu ni makosa tu,
mstari mwekundu juu ya mstari mwekundu.

Nazima umeme. Napima kati ya Kulwa na Doto.
Inatakiwa omu sitini.
Mita inasema arobaini.

Mia na ishirini kwa wawili, sitini.
Kwa watatu, arobaini.
Basi kuna wa tatu.
Laini ina ncha mbili, na kila ncha ina kikinza chake,
punje tu, cha kulimeza neno linapofika
lisigonge mwisho likarudi kujikanyaga.
Cha kule juu nilikitia mimi. Cha chumba cha mashine nakiona.

Nampigia Masatu. Amestaafu, yuko Nansio na michungwa yake.
Simu inaita mpaka inakata. Napiga tena.
"Boksi la ukuta wa barafu," sauti imejaa usingizi.
"Nyuma ya utepe."

Utepe umekauka, unabanduka na vumbi,
na mabawa ya vijidudu wa ziwani wa miaka na miaka.
Chini yake kikinza. Juu yake mwandiko wake, kalamu ya bluu:
MWISHO. USITOE.

"Siku ile mwisho ulikuwa hapo," anasema.
"Mbele kulikuwa na ukuta, na mawe, na pimbi."
Anakohoa.
"Kitoe tu."

Nakikata kwa koleo. Sitini.
Kisha nashusha kasi, mashine moja baada ya nyingine,
pampu, kompresa, milango, magoti yakiuma,
maana kila alama lazima ifike kule juu na kusikika
kabla ya nyingine kuondoka huku;
masafa hayakubali kuharakishwa.

Saa kumi na dakika tano kipimajoto cha juu kinatamka:
tisa chini ya sifuri.
Kompresa inajibu.

Masatu hajakata simu. Namsikia akifungua mlango, jogoo wa mtu, ndoo.
"Wanaongea?"
"Wanaongea."
"Polepole?"
"Polepole."
Halafu ananieleza bei ya machungwa, kwa kirefu,
nami namwacha, salio si langu, ni la kiwanda.

Getini mlinzi anapekua mkoba, anautoa utepe,
anausoma kwa tochi.
"Mwisho wa nini, dada?"
Namwambia ulikuwa wa ukuta.
Anaurudisha. Anafunga zipu.