Mengineyo

Kabla ya barua ile, bodi niliyoijua mimi
ni bodi la gari. Landkruza nyeupe,
mlangoni imechorwa mama kabeba mtoto,
iligongwa huku kwetu Kitangari
ikanyooshwa kwa nyundo Machi nzima, chini ya dirisha langu.
Basi niliposoma, "Umependekezwa kuingia kwenye bodi,"
nilicheka hadi korosho zikanimwagika ungoni.

Tukakutana Newala, siku nne, darasa la shule,
madawati ya watoto, magoti karibu na kidevu,
ukungu bado umekalia madirisha.
Tulikuwa tisa. Siwataji wote.
Saidi Mnyambi, asiyeona, anayeijua noti ya elfu tano kwa kidole.
Tekla, kiziwi, na mdogo wake wa kumtafsiria.
Dadi wa bodaboda, kofia ngumu haimtoki.
Mwalimu mstaafu aliyetusahihisha hata salamu.
Na mimi, Somoe Chihako, mbanguaji,
vidole vimeliwa na mafuta ya maganda
hata mashine ya vitambulisho ilinikataa mara tatu,
ikaona ngozi tupu, isione mtu.

Mkufunzi wetu, Bi Anjelista wa Masasi,
alimwaga kunde mezani.
"Hizi ni fedha za zahanati. Hesabuni."
Tukahesabu.
Akachota ukufi mmoja, akatia mfukoni.
"Haya. Nani ananiuliza?"
Kimya. Sisi watu wa adabu,
mkubwa akichota unatazama pembeni.
Tekla ndiye aliyeigonga meza.

Bodi tulijifunza pale.
Siku zilizobaki tulijifunza majina tu:
akidi, mizania, mgongano wa masilahi.
Hili la mwisho Saidi alilifasiri kuliko kitabu:
"Msimamia kisima asikiuzie kisima saruji."

Kikao cha kwanza, Mtwara, Shangani,
baridi ya kiyoyozi kama tuko Newala mwezi wa saba.
Mzee mmoja mwenye miwani akanigeukia:
"Dada, sukari iko wapi?"
Nikampa sukari. Ilikuwa karibu yangu.
Kisha nikakaa
penye karatasi yenye jina langu.
Akaisoma. Akakoroga chai muda mrefu.

Ajenda saba. Nikaitafuta wodi ya wazazi
niliyotumwa na wanawake wa Kitangari,
wodi isiyo na mlango, mama anajifungua akitazamwa na njia.
Nikaikuta mwisho kabisa, namba saba: Mengineyo.
Mengineyo!
Yale yanayosemwa watu wakishasimama,
posho mfukoni, madereva wamewasha injini.

Wanasema mjumbe hauawi.
Kweli. Hupewa soda.

Namba tatu, taarifa ya fedha.
Kurasa zikafunuliwa, "Tumeipokea," "Tumeipokea,"
nami kidole changu kisicho na alama
kikishuka mstari kwa mstari, polepole, kama napepeta,
kikasimama:
Machi. Mafuta ya gari. Lita mia nne.

Moyo ulinipiga, sitaki kuficha.
Nilizikumbuka kunde. Nikagonga meza.
"Gari gani?"
"Gari la shirika, dada."
"Lenye mama kabeba mtoto?"
"Hilohilo."
"Machi lilikunywa likiwa wapi?
Maana kwangu lililala bila magurudumu."

Nyundo haikusikika tena, lakini mimi niliisikia.

Katibu akaandika: *Mjumbe mmoja aliuliza.*
Nikamwambia, mjumbe huyo ana jina.
Akafuta. Akaniuliza herufi.
Nikazitaja moja moja,
na mwisho wa kikao, walipoleta kidau cha wino,
nikakisogeza kando, nikaomba kalamu.
Saini yangu imepinda kama njia ya kushuka bondeni.
Haikataliwi na mashine.

Mengineyo tuliifikia jioni,
mlango wa wodi ukapitishwa, wanne kwa watatu.
Lita mia nne hazijajibiwa.
*Jibu litaletwa kikao kijacho.*

Nauli ya kikao kijacho nimeshaiweka,
kwenye kopo, chini ya kunde.