Kipindi cha Jiografia, Chumba Namba Nne

Tukuyu mvua haina msimu,
kwa hiyo hakuna aliyeniuliza
kwa nini mwalimu mstaafu anavaa koti refu
hadi kanisani, hadi mezani,
hadi lile juma moja la jua mwezi wa tisa.

Miezi kumi na minane nimelibeba.
Kwanza yai la kuku. Kisha parachichi,
si lile dogo la kienyeji, lile la kupakiwa ndege.
Kisha nikaacha kulifananisha na vyakula,
maana hamu ya kula ilikuwa inaniisha.

Mganga wa Kiwira aliniuzia mizizi, dumu la lita tano.
"Mficha uchi hazai," akasema mke wangu gizani.
Nikamjibu: ninao saba.
Hakucheka. Asubuhi nikakuta nauli juu ya koti.

Chumba namba nne. Taa nusu.
Nilitegemea mwanamume.
Akaingia Tusekile Mwakalobo, Kidato cha Tatu B,
dawati la nyuma,
niliyemtoa nje kwa kuchorachora pembezoni mwa ramani.
Anavuta glavu.
"Shikamoo, mwalimu. Vua, ulale chali."
Salamu na amri kwa pumzi moja.

Taulo chini, taulo juu,
"na huyo mwenzio mshike, asilale njiani."
Kisha jeli:
baridi ya Kitulo mwezi wa saba, imekamuliwa kutoka kwenye chupa.
Nikauma ukosi wa koti.

Akanigeuzia kioo.
"Tuanze upande mzima,
tujue uzima unafananaje."
Kijivu, laini,
kama majivu yaliyochekechwa mara mbili.
Kisha akavuka.

Weusi.

Weusi ule wa Ngosi,
siku nilipolipandisha darasa zima hadi ukingoni
nikawakataza kutupa mawe,
na ziwa likatutazama chini kule bila kupepesa.
Na pembeni, imeegemea ukuta,
korodani yangu:
kisiwa kidogo, kijivu kilekile.

"Maji," akasema. "Maji matupu.
Hakuna kinachoota humo."
Akabonyeza kitufe, rangi zikapita kisiwani,
nyekundu ijayo, buluu iendayo.
Miaka thelathini na mmoja nimefundisha
kwamba buluu ni maji.
Leo maji ni meusi, buluu ni damu,
na ufunguo wa ramani anao mtoto wa dawati la nyuma.

Nilimsubiri aseme: ungekuja mapema.
Nilikuwa nimeandaa na jibu.
Hakusema. Aliweka msalaba huku, msalaba kule,
akavuta mstari, akaandika sentimita tisa,
akaandika busha, akaandika Alhamisi, chumba cha upasuaji.
Akanipa karatasi ya kujifutia
akanigeuzia mgongo, kama anasoma kitu ukutani.
Ukuta haukuwa na kitu.

Nje, ajabu, jua.
Kwenye benchi kijana wa bodaboda,
jaketi amelilaza mapajani,
helmeti juu ya jaketi,
mikono miwili juu ya helmeti.
Nikakaa karibu naye, koti nimelitundika begani.
"Jeli ni baridi," nikamwambia. "Mengine ni jiografia."

Akanitazama kama unavyomtazama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa.
Akasogea kidogo.
Lakini foleni hakuiacha.