Sekunde Kumi

Oulu, saa kumi alfajiri, theluji imeziba dirisha.
Jana Aarni aliigawa diski kama mkate moto,
kwa haraka, bila kupima sana:
giga mia tatu za mama, hesabu za duka lake,
sitini zake yeye, za Linux.

Fahali wawili, zizi moja.
Mgeni akaamka, akameza lango.

Windows haionekani. Kodi ya mama ni leo.

Flashi mdomoni, vidole baridi,
anaandika amri, anakosea herufi, anafuta,
hadi orodha inarudi: majina mawili,
sekunde kumi zikihesabika kinyumenyume.

La mama analiweka juu.

Pirkko anaingia na kahawa, anazitazama zikipungua.
"Na hili la chini?"
Kidole chake kiko tayari kwenye mshale.