Suzuki ya Bwana Mifugo

Kaka zangu waligawana ng'ombe na majaruba ya mpunga kule Bahi.
Mimi nikaulizwa, kwa adabu tu, nataka nini.
Nikasema: ile iliyoegemea banda la mbuzi.
Walicheka. Wakanisaidia hata kuipakia kwenye fuso,
juu ya magunia ya mkaa, tairi zote mbili bapa.

Suzuki A mia moja.
Mita imegoma kwenye elfu sitini na moja, mia nne na nane,
na kila kilomita humo ni ng'ombe wa mtu:
baba alichanja sotoka kutoka Chipanga hadi Chali,
sanduku la barafu limefungwa nyuma kwa mpira,
na siku zisizo na sanduku
nyuma palikuwa pangu.

Fundi Malogo aliizunguka mara moja,
akafuta mikono ambayo haikuwa imeshika kitu.
"Mwalimu, uza chuma chakavu, ongeza hela, chukua Boxer."
Nikamshukuru.
Nikamwazima spana namba kumi na namba kumi na nne.

Jumamosi ya kwanza sikufungua chochote.
Nati na bolti zimeshikana
kama wake wenza waliopatana kumkomoa mume.
Jumamosi ya pili, mafuta ya taa kupitia tundu la plagi,
funika, ngoja.
Ya tatu, ngoja.

Maji ya bomba letu Nkuhungu yana chumvi;
ukiosha chuma asubuhi, jioni kimeota upele.
Nikajifunza kuosha kwa petroli
na kukausha kwa kanga yangu kuukuu,
ile ambayo jina lake limefutika,
yamebaki maneno mawili tu: HAKUNA ALIYE.

Ndani ya kisanduku cha chujio la hewa
nikakuta uwele.
Vikombe viwili vizima, mkavu, safi,
panya waliuhamisha punje kwa punje.
Nikaukumbuka mwaka ule ghala lilipoonyesha sakafu,
baba akatusimamisha watano mstari mmoja,
akasema humu ndani kuna mdomo unaokula usiku.
Nilichapwa mimi.
Nilikaa na uwele ule mapajani
mpaka kivuli cha ukuta kikanifikia miguuni.
Kisha nikawamwagia kuku.

Kabureta niliichemsha kwenye sufuria ya mlenda
(sufuria haijarudi jikoni).
Platini nilizisugua kwa msasa laini, pumzi nimeibana,
kama ninayemtoa mtoto kibanzi jichoni.
Ringi zilikuja kwa basi kutoka Kariakoo,
bahasha ya kaki: MWL. MBELEJE, VYUMA.
Rangi nyekundu ilitosha tangi upande mmoja.
Wa kulia ni wangu. Wa kushoto bado ni wake.

Jumapili, baada ya ibada, upepo wa Agosti
umeubeba mtaa mzima na kuumwaga upya,
nikapiga kiki.
Yaledi, mtoto wa jirani, akahesabu kwa sauti.
Ya tisa ilikohoa.
Ya kumi na saba ilinirudishia ugoko.
Ya ishirini na tatu
ikashika,

na moshi wa samawati ukatoka na harufu yote:
oili, mavi ya ng'ombe, koti la kaki, saa kumi na mbili jioni,
mama akituambia tunyamaze, amerudi.
Kuku walioshiba uwele wakarukia uzio.

Nikapanda.
Nilikuwa nimeshakaa ndipo nikaona nimekaa nyuma.

Sijawahi kuendesha.
Mtoto wa kike hakai mbele, alisema, mbele ni kazini.
Mikono yangu, bila kuniuliza,
ikautafuta mkanda wa suruali,
ikakumbatia upepo.

"Mwalimu," Yaledi akapaza sauti juu ya mngurumo,
"sasa dereva yuko wapi?"

Siti ya mbele ilikuwa ya moto kwa jua.
Nilisogea inchi moja.
Ikaniunguza.
Nikasogea nyingine.